Balozi wa Nyumba za Chaki

Waliokuwamo ghalani wakati wa mafuriko ni hawa, nami nawataja wote kwa sababu wengi wao hawapo tena kujitaja wenyewe. Alikuwepo Balozi wetu wa nyumba kumi na mkewe Bi Mize. Alikuwepo Maalim Bakari, imamu wa msikiti wetu mdogo, kaka yake Bi Mize, yaani shemeji wa Balozi, na walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Alikuwepo Mzee Kombo wa Pemba, aliyekuja kulima mpunga msimu mmoja akakaa miaka ishirini, na mkewe Bi Time. Na Bi Tatu, muuza vitumbua, mamake Bi Time. Na Juma Pantoni, aliyefanya kazi kwenye pantoni ya Pangani, na mkewe Mwanahawa, mtoto mdogo wa Bi Tatu. Basi Juma na Mzee Kombo walioa mtu na mdogo wake. Na Baba Eliezeri na Mama Eliezeri, Walutheri, waliohamia kwetu kutoka shamba la mkonge. Huyu mama alimnyonyesha mwanangu Sofia nilipougua ziwa, kwa hiyo Sofia na Eliezeri ni ndugu, mmoja anakwenda msikitini mwingine kanisani. Alikuwepo Mwalimu Chambo, Mbondei wa Muheza, kapera, lakini alihesabiwa nyumba. Alikuwepo Mzee Rajabu kipofu na binti yake Saumu. Nilikuwepo mimi na mume wangu Salimu. Na alikuwepo Mwanajuma, dada wa Salimu, wifi yangu.

Hizo ndizo nyumba kumi. Usijitaabishe kuwashika wote. Mshike Balozi, mshike na Mwanajuma. Wengine wakikuponyoka, mimi ninao.

Jina la Balozi ninalijua, na la babake ninalijua, lakini hakuna aliyemwita kwa jina, hata Bi Mize. Bi Mize akiwa radhi alimwita Baba Zuhura, akiwa na hasira alimwita Serikali. "Serikali, unga umekwisha." Kwa hiyo nami namwacha na cheo chake. Alizaliwa wapi na alikuja vipi, hayo hayanihusu. Mimi nilimkuta yupo.

Alikuwa mwembamba, mrefu, kanzu yake haimfiki miguuni. Alikuwa anaogopa chura. Mtu mzima, balozi, anakaa kando ya mto, anaogopa chura. Akimwona alisimama mguu mmoja mpaka mtu aje amwondoe. Na alikuwa mchoyo wa sukari. Miaka ile sukari ilikuwa ya kugawiwa kwa kaya, ukipata robo unaificha. Yeye aliificha ndani ya kasha la saa mbovu, akiitaka kidogo anajifanya anatia saa ufunguo. Sote tulijua. Tulimwuliza, "Balozi, saa ngapi?" naye anajibu, "Bado haijafika."

Lakini tabia yake kubwa ilikuwa hodi. Balozi alipiga hodi kila mahali. Kwa jirani, dukani, shambani kwa mtu kabla hajavuka mpaka wa katani, na nyumbani kwake mwenyewe. Alisimama mlangoni pake akaita "Hodi!" na Bi Mize asipoitika alirudi barazani akakaa. Siku moja Bi Mize alimkomoa kwa ajili ya ile sukari. Alimwacha nje tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anamsikia anaita mara tatu tatu kama sunna, naye kimya, anasonga ugali. Salimu akapita akamwambia, "Balozi, si uingie, kwako hapo."

"Kwangu ndiyo," akasema, "lakini sijakaribishwa."

Maji yalikuja siku ya jua kali. Hili watu hawaliamini. Kwetu hata tone halikunyesha. Mvua ilinyesha huko juu milimani siku nyingi, mto ukashuka nayo yote, ukafika kwetu wakati wa bamvua, bahari nayo imejaa inapanda. Vikakutana. Baada ya sala ya adhuhuri niliona bata wetu wanaogelea jikoni. Nikacheka. Naapa, nilicheka, nikamwita Salimu aje aone.

Tulikimbilia ghala la mbata. Lilikuwa jengo la ushirika, la mawe, limejengwa kwenye mwinuko, na miaka ile lilikuwa tupu kwa sababu nazi hazikuwa na mnunuzi. Ukubwa wake kama msikiti wa Ijumaa, sakafu ya saruji, na harufu ya mbata iliyooza ambayo mpaka leo nikiisikia nashika nguo zangu nikimbie.

Hamisi, mume wa Mwanajuma, alikuwa fundi wa kushona. Walifika ghalani wote wawili, salama kabisa, wamelowa magoti tu. Halafu Mwanajuma akakumbuka cherehani. Cherehani wakati ule ilikuwa kitu. Ukiipoteza hupati nyingine, si kwa fedha si kwa dua. Akamwambia mumewe, mbele yetu sote, "Rudi ukachukue cherehani."

Hamisi akarudi. Tulimpata siku ya tatu kwenye mikoko. Nyumba yake ilianguka yote, kuta nne, paa likaenda baharini. Cherehani tuliikuta imesimama juu ya meza yake, nje, katikati ya tope, na uzi uko kwenye sindano.

Mwanajuma hakusema tena. Kilio hakulia, neno hakutoa. Tulimwogesha, tukamvisha nguo nyeupe za eda, tukamlisha uji kwa kijiko. Alimeza. Basi. Hakuna aliyeuliza sababu, maana sote tulisikia neno lake la mwisho lilikuwa lipi.

Sasa ikaja shida ya eda. Maalim Bakari akasema mjane akae eda nyumbani kwake, miezi minne na siku kumi, ndivyo ilivyo. Balozi akamwambia nyumba haipo. Maalim akasema dharura ina hukumu yake, akae popote penye stara. Mwingine angeishia hapo. Balozi akamwuliza shemeji yake, "Lakini kilicho bora zaidi?"

"Kilicho bora zaidi ni nyumbani kwake."

"Haya."

Akatoka. Akarudi na Mwalimu Chambo na vipande viwili vya chaki. Chaki ilikuwa adimu kuliko sukari. Mwalimu alikuwa anafundisha hesabu kwa kuandika hewani. Balozi akapiga magoti kwenye sakafu, kona ya upande wa kibla, akachora nyumba ya Hamisi. Alichora ukuta, akachora ukumbi, chumba cha kulala, akaacha nafasi ya mlango mahali pale pale mlango ulipokuwa, unatazama kwa Bi Tatu. Akaiweka cherehani chumbani. Bi Mize akamshika mkono Mwanajuma akampitisha mlangoni, akamkalisha. Balozi akasimama nje ya chaki, akasema, "Hodi hapa."

Kimya.

"Hodi. Hodi hapa jamani."

Kimya. Alipofika mara tatu akageuka akaenda zake, kama ilivyo adabu.

Sisi tukatazamana. Mzee Kombo akasema, "Yakhe, huyu maji yamempanda kichwani."

Lakini jioni ile ile Bi Tatu alimwendea Balozi amekunja uso. "Balozi, mimi nimekaa kitongoji hiki kabla yako. Mwanajuma ana nyumba. Mimi nakaa wapi, sokoni?" Keshoye asubuhi ghala zima lilikuwa na nyumba kumi, na njia ya kupita katikati, na kila mtu amepangwa na jirani yake wa zamani, kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. Mwalimu Chambo aliomba apelekwe mbali na kuku wa Mama Eliezeri. Balozi akakataa. Akasema kuku walikuwa pale tangu mwanzo.

Sheria za chaki alizitoa yeye. Huvuki ukuta. Unapita mlangoni, na mlangoni unapiga hodi. Aliye ndani ya nyumba yake haonekani. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi, maana ghala halina hata pazia. Mimi nilikuwa namwona Mzee Kombo akikuna mgongo kwa mwiko wa Bi Time, hatua sita kutoka nilipokaa, lakini simwoni. Juma Pantoni na Mwanahawa waligombana asubuhi nzima, na watu wa nyumba tisa hatukusikia kitu, halafu Juma akatoka mlangoni pake, akatusalimia, tukamwuliza habari za nyumbani, akasema, "Salama tu." Mama Eliezeri akikaanga dagaa, sote tunameza mate, lakini hakuna anayejua kwamba dagaa wanakaangwa mpaka aite.

Chaki ikaisha upesi, tukawa tunaziba kuta kwa unga wa muhogo mkavu. Ndipo kuku wa Mama Eliezeri walipokula ukuta wa Mzee Kombo. Waliula wote, upande wa mashariki, kati ya alfajiri na chai. Mzee Kombo akaja kwa Balozi na kesi. Na alipouchora upya akausogeza mbele shubiri moja. Mama Eliezeri naye akaja na kesi.

"Bwana Balozi, huyu mzee ameingia kwangu."

"Yakhe, ukuta wangu umeliwa na kuku wako, wanitaka nilale nje?"

Balozi akatwaa bakora yake akapima. Alipima muda mrefu, amekunja kanzu, watu wamekaa kimya kama kwenye kesi ya shamba la urithi. Akahukumu kwamba Mzee Kombo arudi nyuma shubiri moja, na Mama Eliezeri amlipe ukuta, bakuli moja la unga. Wakapeana mikono. Baba Eliezeri akauliza kama anaweza kuongeza baraza mbele. Balozi akafikiri. "Baraza ruhusa. Lakini usizibe njia."

Nisikudanganye, mimi nilimwona mwehu. Ila nilianza kugundua kwamba naamka asubuhi na kazi. Nafagia kwangu. Naziba ukuta uliofutika. Nikitoka kwenda kisimani namuaga jirani, nikirudi napiga hodi. Ghala la pili, upande wa juu wa mto, walikokimbilia watu wa kitongoji kingine, walikuwa wamelala tu kama magunia, wanaibiana vijiko.

Pole za bure Balozi hakuzitaka. Wiki za mwanzo walikuja watu kutoka Pangani mjini, na wengine Tanga, wanasimama mlangoni mwa ghala wanasema pole, pole sana, wanatikisa vichwa, wanaondoka. Balozi akaweka ndoo mlangoni. Mtu akisema pole anamkabidhi ndoo. "Ahsante. Pole yako ipeleke kisimani." Bwana mmoja wa Raskazone, huko Tanga, amevaa suruali iliyopigwa pasi, alipeleka pole yake kisimani mara nne. Alirudi wiki ya pili bila kuitwa, safari hii amevaa kaptula.

Lakini Balozi mwenyewe hakuweza kukaa na mtu anayelia. Hili nalisema kwa sababu watu wakimkumbuka wanamfanya malaika. Mtu akianza kulia Balozi alikumbuka jambo nje. Msiba wa Hamisi wenyewe alikaa mbali, anahesabu minazi.

Na uongo. Mbele ya wakubwa alisema uongo kama anavyopumua. Alipoulizwa na mtu wa wilaya kama tuna kipindupindu alijibu, "Tunao kidogo, tumekidhibiti," kwa sababu alisikia penye kipindupindu panapelekwa dawa. Kwetu hakukuwa na kipindupindu. Lakini Salimu alipookota bata asiyemjua, Balozi alimlazimisha azunguke naye vitongoji vitatu akiuliza mwenyewe, bata kwapani.

Tena kulikuwa na mlango. Maji yalituletea mlango mzima, wa mninga, na kufuli lake limefungwa. Sisi tuna nyumba kumi hazina mlango, tuna mlango mmoja hauna nyumba. Kila mtu aliutaka. Balozi akausimamisha ukutani akasema, "Una mwenyewe." Ulikaa pale karibu mwaka. Akaja mtu kutoka upande wa Korogwe, ametembea akiteremka na mto, anauliza kila kijiji, na ufunguo umening'inia shingoni. Akautia kwenye kufuli. Ukafunguka. Akaufungua mlango, akatazama ukuta ulio nyuma yake, akaufunga. Akajitwika kichwani akaondoka. Balozi akamsindikiza mpaka pantoni.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mwezi wa tatu tukiwa ghalani ikaja habari kutoka juu: vitongoji vilivyoharibika vitahesabiwa. Kitongoji chenye nyumba kumi zenye wenyewe kitapewa mabati na kuachwa kijijenge mahali pake. Kisichofika kumi kinavunjwa, watu wanagawanywa: wengine shamba la mkonge, wengine mjini, wengine ng'ambo. Wengi wetu tulishahamishwa mara moja huko nyuma, tukaja kutupwa hapo kandokando ya mto hatujuani. Tulikuwa ndiyo kwanza tumekuwa watu wa mahali pamoja. Na fomu yao ilikuwa na sharti: kaya ni ile ambayo mkuu wake ameitwa jina akaitika mwenyewe. Hakuna kuitikiana. Asiyeitika amehama.

Tulikuwa na wanaoitika tisa. Wa kumi alikuwa Mwanajuma.

Mimi nilimwendea. Nilipiga hodi, nikakaa kidogo, nikaingia kama nilivyoingia kila siku kumpa uji. Nikamwambia, "Wifi, neno moja tu. Naam. Hata 'mm' itatosha." Akanitazama kama mtu anayetazama kisima. Maalim Bakari akasema atamsomea. Bi Tatu akasema apigwe kofi dogo la ghafla. Juma akasema Mwanahawa ajifiche nyuma yake aitike kwa sauti nyembamba.

Balozi akapata habari. Sijamwona na hasira kama siku ile. "Asiombwe," akasema. "Atakayemwomba nitamfutia nyumba. Mtu haombwi kuwa kwake."

"Asipoitika tutatawanywa," Salimu akamwambia. "Dada yangu namjua. Haitiki huyu."

"Basi tutatawanywa. Lakini hakuombwa."

Tukamchukia. Nasema kweli, tulimchukia siku zile, tukawa tunapita mbele ya nyumba yake bila kumsalimu. Yeye kila asubuhi, kama desturi yake, kofia kichwani, anasimama kwenye mlango wa chaki wa Hamisi. Hodi. Hodi. Hodi. Kimya. Anageuka anaondoka. Hakuongeza ya nne hata siku moja.

Mhesabu akaja saa za alasiri. Tulimwita Bwana Tathmini, jina lake lingine alilitaja kwa haraka sikulidaka, na ndilo jina pekee la wakati ule ambalo sinalo. Kijana mnene, ana kalamu tatu mfukoni na jasho. Alianza na Balozi kwenye meza ya Mwalimu.

"Mvua ilianza kunyesha tarehe ngapi?"

"Haikunyesha."

"Mafuriko bila mvua? Hapa pameandikwa 'tarehe ya mvua'."

"Mvua ilinyesha kwa watu wengine."

Bwana Tathmini akafuta jasho. Akatazama sakafu. "Hizi nyumba ziko wapi?"

"Umesimama sebuleni kwa Mzee Rajabu," Balozi akasema, "na hujasalimu."

Mzee Rajabu, kipofu, akasema kwa upole, "Karibu tu, mwanangu, asikutishe." Kijana akaruka kando kama amekanyaga makaa. Nikaona amekwisha kuingia kwenye mchezo bila kujua. Alipofika kwenye sehemu ya fomu iliyouliza ukuta ni wa udongo, wa matofali au mengineyo, nilimwona kwa macho yangu anaandika: mengineyo, chaki.

Akaanza kuita. Balozi: naam. Kombo: naam yakhe. Akapita nyumba kwa nyumba. Mwalimu Chambo aliitika kwa Kiingereza ili kitongoji kipate heshima. Tisa. Akafika kona ya kibla.

"Mwanajuma binti Shekue."

Mwanajuma amekaa, nguo nyeupe, mkono juu ya cherehani.

"Mwanajuma binti Shekue." Akangoja. "Huyu hayupo?"

"Yupo," Balozi akasema.

"Mbona haitiki?"

"Hajataka."

"Mzee, fomu inasema..." Akapindua karatasi, akatazama saa, maana pantoni ilikuwa ya mwisho. Halafu akafanya kosa. Labda alitaka kuhakikisha kama mtu yu hai. Aliinua mguu akavuka ukuta wa Hamisi, pale pale alipokuwa amesimama, akatua kiatu katikati ya chumba cha mjane aliye edani.

"We mwanamme."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama kitasa kilichokaa kutu. Sikuijua. Niligeuka kutafuta nani amesema.

"We mwanamme, rudi."

"Mama, mimi nataka tu..."

"Rudi. Huo ni ukuta. Rudi ulikotoka, zunguka, upite mlangoni kama watu. Kwenu hakuna hodi?"

Bwana Tathmini akatazama chini. Kiatu chake kilikuwa kimefuta ukuta urefu wa kiganja. Akarudi. Aliurudisha mguu mmoja, akaurudisha wa pili, akazunguka nje ya chaki na fomu yake kifuani, na watu wote tunamwangalia anavyokwenda, na Mwanajuma anamwangalia kuliko sisi. Alikuwa amesimama. Alimfuata kwa macho hatua kwa hatua mpaka kijana akatokea upande wa pili, mzima, akasimama mlangoni.

"Hodi," akasema Bwana Tathmini.

Mwanajuma hakuharakisha. "Nani?"

"Ni mimi. Mtu wa kuhesabu."

"Humu kuna eda. Sema hapo hapo nje."

"Mwanajuma binti Shekue?"

"Ndiye."

Akaandika. Akabadilisha kalamu, akaandika tena. Juma Pantoni akamchukua mbio kumuwahisha mtoni.

Hapo ndipo Mwanajuma alipolia. Alikaa chini akakumbatia ile cherehani akalia, na alikuwa anasema jina la Hamisi na neno lile, rudi, rudi. Nikainuka niende. Balozi akaninyooshea bakora. "Yuko ndani kwake. Sisi tuko nje, hatusikii." Basi tukakaa, nyumba tisa, tukawa hatusikii. Mama Eliezeri alikuwa hasikii huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye kidevu. Mzee Rajabu alikuwa hasikii, ameinamisha kichwa. Nikamtafuta Balozi, nikadhani kama kawaida yake amekumbuka jambo nje. Hakutoka. Alikaa kwenye chaki yake, mikono juu ya magoti, mpaka magharibi, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akikaa na kilio cha mtu mpaka kikaisha chenyewe.

Mabati hayajafika. Naandika hivi mabati hayajafika. Lakini hatukutawanywa, karatasi ilisema kumi. Tukajenga kwa miti na udongo, na kabla hatujaezeka ikaja miaka ya biashara huria, nguo za mitumba zikaanza kuingia, tukaletewa robota la msaada. Tukalifungua: tai tupu. Tai za shingoni, za hariri, mamia. Hakuna aliyecheka isipokuwa Bi Mize. Kamba zetu zote za usumba wa nazi zilikuwa zimekwenda na maji, basi Balozi akaamuru paa zifungwe kwa tai. Nyumba yangu ilifungwa kwa tai za michirizi myekundu. Bwana Tathmini alipita mara nyingine, ni mkubwa sasa, amevaa ya kwake; akakaa ndani kwangu anakunywa chai, akatazama juu, akaanza kuilegeza taratibu shingoni, sijui kwa nini.

Baadaye vyama vikawa vingi, ubalozi ukawa wa chama na si wa watu wote, na Balozi akawa mzee. Bi Mize alipofariki, binti yao Zuhura alimchukua wakaishi Ngamiani, Tanga mjini. Nilikaa miaka sijamwona. Mara ya mwisho tulikwenda wawili, mimi na Mwanajuma, tumebeba mchele na nazi. Tulimkuta barazani, kanzu bado fupi.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Balozi gani?"

Zuhura akatwambia pembeni kwamba ndivyo alivyo siku hizi, hatambui mtu, lakini anapenda kuhadithiwa. "Mhadithieni chochote, mama zangu, mradi kisiwe kifupi."

Basi nikamhadithia. Nilimhadithia ghala, nikamhadithia kuku waliokula ukuta. Alicheka mpaka Zuhura akamletea maji. Nikamwambia palikuwa na mzee akipiga hodi kila asubuhi kwa mtu asiyeitika.

"Mwehu huyo," akasema.

"Tulidhani hivyo."

"Na nyinyi mkawa mnakaa ndani ya hizo chaki?"

"Tukakaa."

"Basi mlikuwa wehu wote." Akafurahi sana. Akapangusa macho. Mwanajuma alikuwa pembeni yake, anaokota punje za mchele kwenye mkeka. Balozi akanigeukia, na uso umebadilika, ameshika goti langu kama mtoto anayeogopa mwisho wa hadithi.

"Na yule mwanamke wa kona?" akauliza. "Alipotoka edani walimpeleka wapi?"

Mwanajuma akaacha mkeka.

"Hawakumpeleka popote, baba," akasema. "Yuko pale pale kwake. Anashona."

"Peke yake?"

"Ana majirani tisa."

Balozi akafikiri, akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akikubali baraza la Baba Eliezeri. "Tisa wanatosha," akasema, akaomba ahadithiwe tena tangu mwanzo.

Alifariki mwaka ule ule, na kwa hiyo mtu wa kunisahihisha sinaye. Kama ulikuwepo ghalani, au mzazi wako alikuwepo, na nimekosea, niambie: huenda ukuta ulioliwa ulikuwa wa magharibi, si wa mashariki, na huenda yule bwana wa Raskazone alikwenda kisimani mara tano. Bi Saumu binti Rajabu anasema mlango ulikuwa wa mvule. Mimi nimeandika mninga. Anayejua aje aseme. Nipo nyumba ya pili kutoka kwa Mwanajuma.